Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, kisha nikanyamaza kama simu iliyoisha chaji. Sababu ninayo, na leo nitaieleza yote, hata pale inaponiaibisha. Inahusu muziki, saa, na usiku mmoja karibu na Garsen ambapo programu yangu ndogo nusura ilete balaa.

Kwa wageni: mimi ni mtoto wa Garsen, Kaunti ya Tana River, pwani ya Kenya. Ukitoka Malindi unakwenda kaskazini zaidi ya kilomita mia moja, unafika mahali njia zinapogawana. Moja inapanda Hola hadi Garissa, nyingine inakata kwenda Witu na Lamu. Mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unapita hapo ukielekea Kipini, unakoingia baharini. Nilisomea sayansi ya kompyuta chuo kikuu, na sasa natengeneza programu Mombasa. Nyumbani huenda likizo, na kwenye harusi. Na harusi kwetu haziishi.

Haya, kisa kilianza na rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye, ambaye siku hizi anafanya kazi Durban, Afrika Kusini. Kila Alhamisi alikuwa akinitumia orodha ya burudani za wikiendi: bendi gani inapiga wapi, klabu gani ina DJ gani, mlango unafunguliwa saa ngapi, kiingilio randi ngapi. Durban ndiko ulikozaliwa muziki wa gqom, kwa hiyo mwenzangu hakosi pa kwenda. Siku moja akaniuliza kwa kejeli, "Na huko kwenu Garsen, Jumamosi kuna nini? Vyura?"

Nikakasirika kidogo. Kwetu hakukosekani kitu! Kuna makesha ya harusi yanayopigwa mpaka alfajiri. Kuna taarab, chakacha, na bango, ule muziki wa harusi wa Mombasa ulioasisiwa na Joseph Ngala, anayejulikana kama Mzee Ngala. Kuna ngoma za Wapokomo, watu ambao wimbo wao wa kubembelezea watoto ndio uliotoa lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya mwaka 1963. Na kuna vijana wenye spika, jenereta na kompyuta ndogo wanaopiga amapiano katikati ya mashamba ya maembe. Kilichokosekana ni orodha tu. Nami kazi yangu ni kutengeneza orodha.

Basi nikaketi siku mbili, nikaandika programu. Mwenye shughuli anatuma ujumbe mfupi kwenye namba moja, programu inausoma, inautia kwenye jedwali, kisha kila Ijumaa mchana inawatumia waliojiandikisha muhtasari. Sikutaka tovuti. Vijijini kwetu wapo wengi wenye simu za kubonyeza, na ujumbe mfupi haubagui simu. Nilipomwonyesha mjomba wangu, ambaye ana Probox yenye spika mbili juu ya paa na ndiye anayetangaza kila kitu Garsen (harusi, mikutano, hata ng'ombe waliopotea), akanitazama, akasema, "Sawa, mpwa wangu. Tuone."

Jedwali langu lilikuwa na safu nne, nilizoiga kwa yule rafiki wa Durban: jina la shughuli, ukumbi, saa, kiingilio. Wanaojua kazi hii watacheka, maana safu zote nne zilinishinda.

Jina. Bendi ya mjini ina jina na bango lake. Kwetu shughuli inaitwa "harusi ya binti wa fulani", na fulani huyo anaitwa majina matatu kulingana na nani anayezungumza. Nilipata ujumbe tatu nikadhani ni harusi tatu. Ilikuwa moja.

Ukumbi. "Nyuma ya skuli", "pale kwenye mkwaju", "ng'ambo, ukishavuka". Hakuna namba ya nyumba wala jina la barabara. Na mahali penyewe hutegemea mto. Mafuriko ya Novemba 2023 yalipokata barabara ya Garsen kwenda Lamu, pale Gamba na Lango la Simba, kijiji cha mwendo wa dakika ishirini kiligeuka kuwa kijiji cha mashua. Ramani haikujua habari hiyo.

Kiingilio. Hakuna. Lakini usidhani ni bure! Kuna kutunza. Mwimbaji anapokugusa moyo unainuka na noti yako, kila mtu anakuona, na usipoinuka kila mtu anakuona vilevile. Safu ya namba haiwezi kubeba jambo hilo, nikaiacha tupu. Kulikuwa na jambo jingine la kuamua: disko matanga niziweke au la? Nikaziacha nje. Zimepigwa marufuku na wakuu wa serikali pwani mara nyingi, na mimi nina dada wadogo.

Ikabaki saa. Hapo ndipo nilipojiona hodari.

Mnajua Kiswahili tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo. Saa tatu usiku kwetu ni 21:00 kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi zinahifadhi wakati kwa UTC, na Kenya iko saa tatu mbele ya UTC mwaka mzima, bila kubadilisha saa kiangazi na kipupwe kama Ulaya. Kwa hiyo msimbo wake ni mstari mmoja: ongeza saa sita kupata saa ya Kenya, kisha toa tatu kupata UTC. Nilipofanya hesabu hiyo nikagundua kitu cha kuchekesha: saa ya Kiswahili ni sawa na saa ya Buenos Aires! Sisi tukisema saa tatu usiku, pale Argentina mshale uko kwenye tisa alasiri yetu, nao wanaisoma tatu kamili mchana. Nilifurahi sana na ugunduzi huo. Nikamwandikia rafiki wa Durban. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Sasa sikilizeni. Wiki chache kabla ya Ramadhani ya 2025, wakati ambapo kila mwenye mchumba anakimbilia kuoa kabla mwezi haujaandama, uliingia ujumbe kutoka kijiji kimoja cha kando ya mto. Jina lake silitaji. Ulisema: "Karibuni kesha la harusi, usiku wa Ijumaa saa tatu, uwanjani nyuma ya skuli." Programu ikasoma Ijumaa. Ikasoma saa tatu usiku. Ikaandika Ijumaa, 21:00. Ijumaa mchana ikawatumia watu mia na kidogo.

Wazee mnaosoma hapa mmeshaliona kosa. Mimi mwenye digrii sikuliona.

Kwa hesabu ya zamani ya Waswahili, siku haianzi saa sita za usiku. Inaanza jua linapotua. Magharibi ya Alhamisi ikiingia, Ijumaa imeanza. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaokuja kabla ya mchana wa Ijumaa, yaani usiku ambao redio inauita wa Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa. "Ijumaa usiku" ni kitu kingine kabisa. Maneno ni yaleyale mawili, umeyageuza tu, na umepishana saa ishirini na nne. Bibi yangu angelijua hilo akiwa amelala. Msimbo wangu haukuwa na bibi.

Kesha likapigwa Alhamisi, likaisha alfajiri, watu wakaoza, wakala, wakachoka. Ijumaa usiku kijiji kizima kimelala. Na saa tatu hiyo hiyo, bodaboda kumi na tano zikaondoka Garsen na Minjila, kila moja na watu wawili au watatu, wakifuata ujumbe wangu. Zikaingia njia ya kando ya mto moja nyuma ya nyingine, taa zote zimewaka, kuelekea kijiji ambacho hakikuwa kinamngojea mtu.

Hapa inabidi nisimame niwaeleze wale wasiotoka kwetu, maana mnaweza kusema, "Kwani kuna nini? Wamekosa disko, warudi."

Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha kwanza. Mnamo Agosti mwaka huo mgogoro wa ardhi, maji na malisho baina ya wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma uligeuka kuwa mauaji. Riketa, Agosti 22, makumi ya watu waliuawa, wanawake na watoto wakiwa wengi miongoni mwao. Septemba ikaja Chamwanamuma, ikaja Kilelengwani ambako hata polisi waliuawa. Desemba ikaja Kipao. Hadi mwanzoni mwa 2013 waliokufa walikuwa zaidi ya mia moja, na maelfu walihama makwao. Serikali ikaweka kafyu ya usiku katika delta. Mimi ninachokumbuka zaidi si bunduki. Ni kimya. Harusi zilifanywa mchana, haraka haraka, bila ngoma. Jua likielekea kutua kila mtu anatazama njia. Na ukisikia vishindo vya watu wengi usiku, huulizi nani amewaalika.

Sasa rudini kwenye zile taa kumi na tano.

Mtoto mmoja aliyetoka nje kujisaidia ndiye aliyeziona. Akamwamsha mama yake. Katika dakika chache kijiji kiko macho bila kuwasha taa hata moja. Kina mama wakachukua watoto wakaingia darasani, wakafunga mlango kwa madawati. Wanaume wakasimama penye njia ya kuingilia. Walishika nini mikononi sikuuliza, wala sitauliza. Mzee wa kijiji akampigia mjomba wangu, kwa sababu ndiye mtu wa Garsen ambaye namba yake kila mtu anayo. Mjomba akanipigia mimi. Nilikuwa Mombasa, nimekaa mbele ya kompyuta. Maneno yake ya kwanza yalikuwa, "Umewatuma wapi watu?"

Nikafungua jedwali. Nikaona Ijumaa, 21:00. Bado sikuelewa. Mjomba akaniuliza ujumbe wenyewe ulisemaje, nikamsomea, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema polepole, "Usiku wa Ijumaa ulikuwa jana, mwanangu."

Mungu ni mkubwa. Bodaboda wa kwanza alikuwa kijana aliyezoea kupeleka mizigo pale. Alipoona njia ni giza tupu na hakuna hata mlio wa spika, akasimama mbali, akazima pikipiki, akaita jina la mzee kwa sauti. "Tumekuja ngomani!" Akajibiwa gizani, "Ngoma gani? Ngoma ilikuwa jana!" Wakazima taa zote, wakageuza, wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeguswa. Lakini watoto walilala darasani mpaka asubuhi, kwa sababu mama zao hawakukubali kutoka.

Jumamosi alfajiri nilipanda basi. Mjomba alinipokea Garsen tukaenda pamoja kuomba radhi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maelezo mazuri kuhusu kalenda, na UTC, na jinsi lugha ilivyo ngumu kwa mashine. Nilipofika nikasema shikamoo, nikakaa mkekani, na maneno yote yakapotea. Nikasema tu, "Kosa ni langu. Naomba mnisamehe."

Mama wa bi harusi ndiye aliyenijibu kwanza. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, taa kumi na tano usiku sisi hatuhesabu pikipiki. Tunahesabu watoto."

Mzee wa kijiji akaniuliza swali moja ambalo mpaka leo naliona ndilo somo kubwa nililopata tangu nimalize chuo. "Hiyo mashine yako, kabla ya kuwaambia watu, ilimuuliza nani?"

Nikasema haikumuuliza mtu. Inapokea, inapanga, inatuma. Ndiyo sifa yake, haichelewi.

Akanikumbusha Ngadji. Wapokomo mnaijua, na wengine nawaeleza kwa ufupi. Ilikuwa ngoma kubwa takatifu ya Wapokomo, iliyowaita watu kwenye ibada na mikutano, na mlio wake ulifika mbali sana. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa kikoloni waliichukua kwa nguvu, na mwaka 1908 ikaingia British Museum kule London, ikawekwa ghalani. Wazee wameomba irudishwe. "Ile haikupigwa na kila mtu," mzee akasema. "Anayeita watu usiku lazima ajulikane, ili jambo likiharibika tujue pa kwenda." Kisha akatabasamu, "Wewe angalau umekuja."

Njiani kurudi nilifikiria jambo moja. Vijana wetu wanacheza amapiano, muziki uliotoka vitongoji vya Gauteng miaka ya 2010, na ile besi yake nzito, inayoitwa log drum, watayarishaji wengi waliianza ndani ya programu ya FL Studio. Ni ngoma isiyo na mti wala ngozi, na inapigwa Garsen kila wiki. Ngoma ya mti iliyochongwa kwetu iko ghalani London, haijapigwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Sina la kuongeza hapo. Nawaachia nanyi mfikirie.

Sasa upande wa kazi, maana najua wapo waliokuja kwa ajili ya hilo. Programu nilitaka kuifuta. Mjomba akanikataza. Akasema ukiifuta utakuwa umejifunza kuogopa tu. Kwa hiyo nimeibadilisha hivi:

Kwanza, haikisii tena siku. Ujumbe ukisema usiku wowote, programu inamjibu mwenye shughuli: "Ni usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, au wa Ijumaa kuamkia Jumamosi? Jibu 1 au 2." Muhtasari nao unaandika "kuamkia" kila mahali. Unachosha kusoma, lakini haudanganyi. Ndivyo hivyo pia kwa "Jumamosi saa saba usiku", ambayo inaweza kuwa usiku wa aina mbili.

Pili, tarehe za mwezi mwandamo hazihesabiwi mapema. Shughuli ya Maulidi katika Mfunguo Sita, au ya baada ya Idi, inakaa kwenye jedwali ikiwa na neno "ikiandama" mpaka mwezi utangazwe. Niliwahi kutumia maktaba ya msimbo inayokokotoa kalenda ya Kiislamu. Inakokotoa vizuri, ila mwezi hauonekani kwa kukokotoa.

Tatu, kuna safu mpya mbili. Moja inaitwa njia: pakavu, matope, au mashua. Nyingine inaitwa mwenyeji. Hakuna shughuli inayotangazwa mpaka mtu anayejulikana wa kijiji hicho ajibu "ndiyo, ni ya wote". Kuna makesha ya nyumba, ya jamaa tu, na hayo hayamhusu mtu mwingine hata yakiwa na muziki mtamu namna gani. Jina la mwenyeji linatoka pamoja na tangazo.

Nne, jumla ya saa mbili kabla ya shughuli programu inamuuliza mwenyeji tena. Asipojibu, waliojiandikisha wanaambiwa wasiondoke.

Mnaona basi? Imekuwa ya polepole. Wakati mwingine shughuli inakosa kutangazwa kwa sababu mwenyeji simu yake haina moto. Rafiki wa Durban akaniambia nimeiharibu, orodha gani inayosubiri mzee aamke? Nikamwambia kwenu mlango wa klabu una mlinzi. Sisi mlinzi wetu ni yule mzee.

Na mtangazaji mkuu bado ni mjomba. Programu inamtumia orodha Ijumaa mchana, naye anaisoma kwenye kipaza sauti akizunguka Garsen na Probox yake, kwa maneno yake mwenyewe, na mizaha yake. Siku ya kwanza alipoisoma alikuta kesha moja limeandikwa "usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa" wakati siku yenyewe ilikuwa imeshapita. Hakunipigia simu. Aliiruka tu akaendelea na inayofuata, kisha jioni akaniambia nirekebishe. Hitilafu hiyo imerekebishwa.

Kwa mnaouliza muziki wa moja kwa moja unapatikana wapi pwani yetu hii: Februari kuna Sauti za Busara kule Zanzibar, tamasha lililoanza 2004 (mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi). Lamu kuna Maulidi, na kuna tamasha lake la utamaduni ambalo kwa kawaida huwa mwishoni mwa mwaka. Na Garsen kuna harusi. Mkija, msije kwa kufuata ujumbe tu. Mpigieni mwenyeji kwanza, mumuulize usiku upi.

Ile harusi ya siku ile, bi harusi alinitumia ujumbe mwezi uliofuata. Hakusema mengi. Aliandika kwamba mdogo wake anaolewa baada ya Idi, na kwamba safari hii mama yake amesema nije mwenyewe, nisitume watu.

Nilikwenda. Niliondoka Mombasa Alhamisi asubuhi.

Sehemu ya pili ya somo la hifadhidata inakuja, safari hii kweli. Itahusu jinsi ya kuhifadhi tarehe. Mpaka hapo, kwaherini.